Mazishi ya Sami

Tuseme ukweli mapema, tusizungushane: mwisho wa ile picha ulikuwa takataka. Mwanzo wake siyo. Mwanzo wake na katikati yake vilikuwa moto wa kuotea mbali, na watu walioiona wangali hai Mpanda, waulizeni. Treni iliruka darajani na mabehewa yake yote, bwawa likapasuka likamwaga maji juu ya mji mzima, helikopta ikakwangua paa la kanisa vigae vikaruka kama maganda ya karanga. Lakini mwisho! Mwisho ule ulikuwa kama kumkaribisha mtu mwenye njaa, ukamnawisha mikono vizuri, kisha ukamletea sahani ambayo mwingine ameshailamba.

Na aliyelazimika kuusimulia ni Machibya Manyanda, maskini wa Mungu, kwa sababu kusimulia ndiyo ilikuwa kazi yake.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na saba. Banda la video la Rahim lilikuwa nyuma ya maduka, upande wa kwenda stesheni: kuta za matofali mabichi, bati juu, mabenchi ya mabaki ya mninga, na jenereta lililokohoa nje siku nzima. Mbele kulikuwa na televisheni juu ya kabati, deki chini yake, na kulia kwa kabati kigoda cha Machibya. Alikaa pale na kipaza sauti kilichounganishwa na spika ya redio ya zamani, mkononi fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Wazungu walisema ya kwao, yeye akayageuza Kiswahili, na pale mambo yalipochemka akatia Kisukuma kidogo, watu wakavunjika mbavu. Kiingereza alikipata sekondari Tabora, alikomaliza kidato cha nne bila cheti cha kujivunia. Cheti hakikumsaidia chochote, lakini masikio yalimsaidia.

Alikuwa na sharti moja, na kwa sharti hilo alikuwa mgumu kama kisiki. Alisema kilichomo kwenye kanda, basi. Steringi, yaani shujaa wa picha, akitukana, alitukana. Steringi akikaa kimya, naye alikaa kimya, hata watu wakipiga mluzi. Kila kanda mpya aliitazama mara mbili peke yake kabla haijaonyeshwa, ili asije akawadanganya watu kwa kutojua. Rahim, mwenye banda, mtu wa maneno laini aliyefanya biashara tangu utoto, alimwambia mara nyingi aongeze chumvi kidogo, kama Ponsian wa mtaa wa Makanyagio.

"Ponsian hajui Kiingereza," Machibya alikuwa akimjibu.

"Wateja wake nao hawajui. Wanaelewana."

Hapo Machibya alisonya mpaka spika ikalia. Huyo Ponsian alikuwa mnadi mitumba mnadani kabla hajafungua banda lake, mtu wa kupanda juu ya meza na kuvaa koti la kike ili tu watu wacheke. Kiingereza chake kisingejaza kijiko. Aliangalia midomo ya Wazungu inavyochezacheza, akabuni lolote lililomjia, na banda lake lilikuwa halikosi watu. Ukitaka kumharibia Machibya siku, mtajie Ponsian.

Sasa, Jumamosi moja baba yake Machibya akaja mjini.

Mzee Manyanda alishuka kwenye lori la Sibwesa akiwa na fimbo yake ya ng'ombe, kofia ya pama na katambuga za matairi miguuni, akawapa watu wote wa kituoni mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, wakati ilikuwa saa sita mchana. Alikuwa amehamia Sibwesa na ng'ombe wake akitokea Shinyanga, zamani, na kwa miaka mingi alikuwa mkubwa wa sungusungu kule. Kesi za wizi zililetwa mbele yake. Alikuwa hapigi kelele. Alimwacha mtu aseme mpaka maneno yamwishie, na ole wake aliyekatiza shahidi au shahidi aliyejikatiza mwenyewe, maana huyo alitozwa faini kabla hata ya mwizi.

Kilichomleta kila mmoja alikijua, na hakuna aliyekitaja. Miaka mitatu nyuma wezi walichukua ng'ombe wa Manyanda, ukapigwa mwano, yowe la kuita watu, vijana wakafuata nyayo mpaka ndani ya pori la Katavi. Mwandu, kaka yake Machibya, alikuwa mbele. Usiku wa pili waliachana kwenye korongo la mto, na Mwandu hakuonekana tena. Walimtafuta siku kumi na mbili. Walipata katambuga moja. Mama alitaka watu wakae msiba, Manyanda akakataa, akasema watakaaje msiba na maiti hawaioni, tutamzika nani, katambuga? Basi hapakuwa na kaburi, hapakuwa na matanga, hakuna aliyekuja kuleta hata kuku. Jina la Mwandu likawa halitajwi pale nyumbani, na mtoto wa kiume aliyebaki alikuwa mjini, anakaa kwenye kigoda, anaongea na televisheni.

"Ng'wanawane," Manyanda alimwambia Machibya siku ile walipokaa chumbani kwake, jina analomwitia mwanawe anapokuwa na jambo zito, "hiyo kazi yako nimeisikia kwa watu. Nitaiona leo mara moja. Nikiona ni kazi, utabaki. Nikiona ni upuuzi, Jumatatu unapanda lori na mimi. Ng'ombe wanahitaji mtu."

"Sawa, baba," Machibya akasema.

Hakutaka kurudi. Si kwamba aliwachukia ng'ombe. Mbele ya kile kipaza sauti alikuwa mtu, watu walinyamaza alipofungua mdomo, na kule Sibwesa angekuwa yule aliyebaki baada ya Mwandu, mpaka anazeeka.

Na bahati mbaya haikuja peke yake. Kanda ya siku ile ilikuwa mpya kabisa. Rahim alikuwa ameitangaza wiki nzima kwa ubao wa chaki: picha iliyojaza majumba ya sinema Marekani wakati wa kiangazi chao, shule zimefungwa, watoto wa kule wameimaliza na bisi. Ilikuwa iletwe na treni ya Ijumaa kutoka Tabora, treni ikachelewa kama kawaida yake, kanda ikafika Jumamosi saa saba na nusu. Onyesho lilikuwa saa tisa. Kwa mara ya kwanza Machibya alitazama nusu tu. Alifika pale treni inaporuka darajani, akaruka nayo, akapiga paja.

"Hii, baba lazima aione," alimwambia Rahim. "Hii imeniokoa."

Rahim akafungua mlango, watu wakaingia mpaka wengine wakakaa juu ya madebe. Manyanda aliwekwa benchi la mbele katikati, jirani na Damiano, mpasua mbao mwenye sauti ya kuamsha mji. Fimbo aliiweka katikati ya magoti, pama kichwani.

Jamani, ile saa moja ya kwanza! Steringi alikuwa askari wa reli aliyefukuzwa kazi, na majambazi walikuwa wameteka treni yenye dhahabu ya serikali. Rafiki yake alikuwa dereva wa treni, mzee mnene mwenye kofia ya kitambaa, jina lake Sami. Machibya hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Bwawa lilipopasuka watu wa mbele waliinua miguu, eti wasilowe. Helikopta ilipopita Damiano alijikinga kichwa kwa mikono miwili, na hakuna aliyemcheka kwa sababu kila mtu alikuwa anajikinga. Machibya alimwibia baba yake jicho. Mzee alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, ameshika fimbo kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kisha treni ikafika darajani.

"Sasa hapa," Machibya akasema taratibu, "daraja limetegwa baruti. Sami anamwambia steringi, ruka wewe, mimi nitashika breki. Steringi anamwambia, siendi bila wewe. Sami anamwambia, una mtoto wewe, ruka!"

Steringi akaruka. Daraja likapasuka, treni ikaanguka behewa baada ya behewa, polepole, mpaka unaona kila kioo kinavyovunjika, na moto ukasimama juu ya mto kama ukuta. Kwa kweli walioitengeneza picha ile walijua kuharibu vitu. Steringi alisimama ukingoni akaita mara moja: "Sami!" Halafu akageuka akaondoka.

Katika kimya kile Manyanda akauliza, kwa sauti ya barazani, si ya kunong'ona:

"Watamzika lini?"

Watu walicheka, lakini hawakucheka sana. Mzee hakugeuka. Alikuwa anamwangalia Machibya, anasubiri jibu kama anavyosubiri jibu la shahidi. Na Machibya, ambaye kuanzia pale kanda ilikuwa ngeni kwake kama kwa wengine wote, Machibya mwenye sharti lake, akafungua mdomo kwenye kipaza sauti akasema:

"Subiri, baba. Atazikwa."

Unaona sasa? Mtu anajenga jina miaka minne, halafu neno moja.

Maana kuanzia hapo walioitengeneza ile picha ni kama hela ziliwaishia, au akili, au vyote viwili. Steringi akapanda pikipiki. Akapita mjini, hakusema lolote kuhusu Sami. Akaingia kwenye jengo refu alimojificha bosi wa majambazi, yule aliyewaua watu wote hawa tangu mwanzo, na watu bandani wakakaa sawa, wengine wakavua mashati, kwamba sasa ndiyo sasa. Bosi akatokea juu ya ngazi na bastola. Akapiga hatua moja. Ngazi ilikuwa na maji. Akateleza, akaanguka, akafa.

Akateleza!

"Anasema nini?" Damiano akauliza.

"Hasemi kitu," Machibya akajibu. "Amekufa."

"Amekufa kwa nini?"

"Kwa... ameteleza."

Kabla watu hawajameza hilo, picha ikahamia ufukweni. Jua, mchanga, steringi na msichana wamekaa kwenye viti, kila mmoja na aiskrimu yake. Mbwa mweupe akaja akailamba aiskrimu ya steringi. Msichana akacheka. Steringi akacheka. Akasema maneno, na Machibya ilibidi ayaseme:

"Anasema... anasema, angalau mbwa ameshiba."

Wakabusiana, ziki ikalia, majina yakaanza kupanda. Hivyo tu. Hakuna kaburi, hakuna jeneza, hata ile kofia ya Sami haikuonekana inaelea majini. Mtu kajitoa roho kwa ajili yako, wewe unalamba aiskrimu, na mbwa! Machibya alijisikia kutapika. Siyo kwa kusema tu. Mate yalimjaa mdomoni kweli. Aliyaona majina yale meupe yanapanda kama watu wenye haya wanaotoka kwa mlango wa nyuma, akanyoosha mkono, akazima televisheni. Pwa.

Banda likalipuka kuliko lile daraja.

"Wewe Machibya, iko wapi kanda ya pili?" Damiano alisimama juu ya benchi.

"Hakuna kanda ya pili. Imeisha."

"Usitufanye watoto! Picha kubwa namna ile iishie kwa mbwa? Mmeificha, mnataka mtuonyeshe kesho!"

"Na umesema atazikwa!" mwingine akapiga kelele kutoka nyuma. "Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Umezima! Amezima kabla haijaisha, si mmeona nyie?"

Rahim alileta kasha la kanda, akalizungusha hewani, jamani angalieni, ni moja, Wallahi ni moja. Hakuna aliyeliangalia. Watu walitoka wakisonya, na wengine wakapiga teke ukuta, tofali likamomonyoka. Mzee Manyanda alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akamgeukia mwanawe.

"Ulisema atazikwa," akasema. Akatoka.

Jioni hiyo hakula. Alisema ameshiba.

Jumapili asubuhi Machibya alikwenda bandani mapema, akaiweka kanda, akaitazama kuanzia darajani mpaka mbwa, mara mbili, ameikodolea macho kama mtu aliyeangusha sindano. Labda kuna mahali paliruka. Labda Sami anatajwa hata kwa jina tu. Hakuna. Ilikuwa mbovu zaidi kwa mara ya pili, na mara ya tatu aligundua kwamba hata yule mbwa alikuwa hajui kuigiza. Alirudi chumbani akakuta baba yake hayupo.

Mzee alitokea saa saba mchana, anatembea haraka, fimbo begani, na uso wake ulikuwa umefunguka. Machibya alikuwa hajauona uso ule kwa miaka mitatu.

"Wamemzika," akasema kabla hajakaa.

"Wamemzika nani, baba?"

"Sami. Yule kijana Damiano alinipitia asubuhi, tukaenda kule Makanyagio. Picha ile ile. Imeonyeshwa mpaka mwisho. Ponsian amemzika."

Kumbe aliyemletea Rahim kanda kutoka Tabora alileta mbili, nyingine ya Ponsian.

"Amemzikaje?"

"Kwanza pale ufukweni, wewe hukusema wametoka wapi. Wale walikuwa wametoka makaburini, wanapumzika. Ndiyo maana yule binti alikuwa na miwani myeusi, amelia. Na yule mbwa ni mbwa wa Sami."

"Mbwa wa nani?"

"Wa Sami! Amekuja kumtafuta mwenyewe, hayupo, wakamlisha. Watu walilia kule bandani, ng'wanawane. Damiano alilia." Mzee alikaa kitandani, akaegemeza fimbo ukutani. "Halafu yale majina yakapanda. Wewe uliyazima. Ponsian akayasoma. Watu waliochanga msibani, na kila mmoja alichotoa. Huyu gunia la mchele. Huyu debe la mafuta. Huyu mbuzi. Orodha ndefu, inapanda, inapanda, haiishi. Yule hakuwa mtu mdogo, Sami. Mji mzima ulichanga."

Machibya aliinuka. Lile koti la kike, zile kelele za mnadani, na sasa gunia la mchele! Kinyaa cha jana kilikuwa utani.

"Baba, yule ni mwongo. Hata kusoma Kiingereza hajui. Wale si watu wa msiba. Ni majina ya watu waliotengeneza picha."

"Waliotengeneza vipi?"

"Waliofanya kazi. Kila mtu jina lake linaandikwa pale na kazi yake. Huyu aliendesha magari. Huyu alishika taa. Huyu aliwapikia watu chakula."

Manyanda alilifikiria hilo, kidole kwenye kidevu, kama anavyofikiria ushahidi.

"Mpishi yupo?"

"Yupo, baba."

"Na mwenye gari la kubebea watu?"

"Yupo."

"Na wa taa, kwa ajili ya mkesha." Akaitikia kwa kichwa. "Hao ndio watu wa msiba, ng'wanawane. Sasa unabisha nini?"

Machibya akakaa tena.

"Sikiliza," mzee akasema, na uso ukaanza kurudi kule ulikokuwa. "Yule Ponsian simpendi. Anacheka akiwa anazika. Lakini yeye alisema mpaka mwisho, na wewe ulikatiza. Shahidi akikatiza maneno mbele yangu, namfanya nini?"

"Unamtoza."

"Wewe mwenyewe ulisema atazikwa, sikukulazimisha. Basi nataka kuyasikia mdomoni mwako, mwanangu, si mdomoni mwa muuza mitumba. Twende pale bandani. Kama yapo, nisomee. Kama hayapo, kesho tunaondoka wote, na sitakuuliza tena."

Rahim aliwafungulia saa kumi, bila wateja. Aliwasha jenereta, akaangalia nyuso za wale wawili, akajiondokea mpaka mlangoni akakaa pale. Mabenchi yalikuwa matupu. Manyanda alikaa pale pale pa jana, mbele katikati. Machibya aliisogeza kanda mpaka ufukweni, akakaa kwenye kigoda, akashika kipaza sauti kwa mazoea ingawa kulikuwa na msikilizaji mmoja.

Aiskrimu ikalambwa. Mbwa akashiba. Machibya hakulitafsiri neno hata moja la upuuzi ule, na mzee hakuuliza. Jibu alikuwa nalo ulimini: baba, hakuna mazishi hapa, hakujawahi kuwa na mazishi, hawa watu walimsahau. Huo ndio ulikuwa ukweli wa kanda. Angeusema, angebaki na sharti lake, akaenda nalo Sibwesa kuchunga.

Ziki ikaanza. Manyanda akavua pama, akaiweka juu ya goti.

Machibya alikuwa amekiona kichwa kile bila kofia mara moja tu katika utu uzima wake, ile siku vijana waliporudi kutoka porini na katambuga moja. Mzee aliivua, akasubiri mtu wa kusema neno, hakuna aliyesema, akaivaa tena. Akawa ameivaa mpaka leo.

Majina yakaanza kupanda, na Machibya akaanza kusoma.

Hakusema gunia la mchele. Hakusema mbuzi wala debe. Alisoma yaliyoandikwa, majina matupu, moja baada ya jingine, taratibu, kama yanavyosomwa kwenye daftari watu wakiwa wamekaa chini. Walta Grimshi. Elena Markadi. Tomasi Huki na ndugu yake Petro Huki. Aliyeshika taa, aliyepika, aliyeshona nguo, walioendesha magari, kumi na wawili. Mengine yalimshinda kutamka, akayatamka hivyo hivyo. Yakija haraka aligandisha picha, akayamaliza, akaiachia. Katikati ya orodha Rahim akainuka akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akarudi mlangoni. Ilichukua karibu nusu saa, na mzee hakujigeuza kwenye benchi hata mara moja.

Jina la mwisho lilipopanda likapotea juu, kikabaki kioo cheusi. Machibya akanyoosha mkono kuzima.

"Bado," akasema Manyanda. "Ongeza na letu."

"Lipi, baba?"

"Manyanda, wa Sibwesa. Ng'ombe dume mmoja."

Machibya alikiangalia kile kioo cheusi, ambacho hakikuwa na kitu chochote cha kusoma. Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Manyanda, wa Sibwesa," akasoma. "Ng'ombe dume mmoja."

Akarudia, ili isikike vizuri. Mzee aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, na mabega yake yakatikisika kidogo, basi. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akavaa pama yake, akaisimamisha fimbo.

"Sasa zima."

Walitoka nje kwenye jua la jioni. Jenereta lilinyamaza nyuma yao, na ghafla mji ulikuwa kimya mpaka wakasikia kengele za baiskeli kule barabarani. Walitembea hatua kadhaa. Halafu mzee akasimama.

"Yule kijana wa aiskrimu. Steringi wenu. Jina lake umelisoma?"

"Hapana, baba. Sikulisoma."

Lilikuwepo. Lilikuwa la kwanza kabisa, kubwa kuliko yote, peke yake kwenye kioo kizima. Machibya alikuwa amelipita makusudi.

"Nilijua tu," akasema Manyanda, akatema mate pembeni. "Mshenzi yule. Kesho nitaondoka peke yangu."